Muuaji asiyemtupa bibi yake



Leo naomba nikupeleke mbali kidogo, mpaka baharini magharibi mwa Kanada na Marekani. Tukitoka huko tutarudi nyumbani, wewe na mimi, tukachungulie chumba cha uani.

Julai 24, 2018, karibu na mji wa Victoria nchini Kanada, mnyama mmoja wa baharini alizaa mtoto wa kike. Mtoto yule aliishi kama nusu saa tu, akafa. Mama yake hakumwacha azame. Alimweka juu ya kichwa chake akaogelea naye. Kila mwili ule ulipoteleza na kuzama, mama alipiga mbizi kuufuata, akauinua tena. Alifanya hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tano, ya kumi. Watafiti walimfuatilia kwa siku 17, na katika siku hizo alisafiri zaidi ya kilometa 1,600 akiwa na maiti ya mwanawe. Huo ni mwendo mrefu kuliko safari ya basi kutoka Dar es Salaam mpaka Bukoba.

Watafiti wanamwita mama huyo J35, na watu wa kule wamempa jina la Tahlequah. Mwaka 2020 alijaliwa mtoto wa kiume aliye hai. Lakini mwishoni mwa mwaka 2024 alizaa tena mtoto wa kike, naye akafa baada ya siku chache. Mwaka mpya wa 2025 ulimkuta Tahlequah amembeba maiti mwingine kichwani.

Je, unajua jina la aina hiyo ya mnyama? Wanasayansi humwita oka. Watu wengi duniani humwita nyangumi muuaji.

Jina hilo tulilitoa sisi. Inasemekana mabaharia wa zamani waliwaona wanyama hawa wakiwinda nyangumi wakubwa kwa kundi, wakaogopa, wakawaita wauaji. Kwa kweli oka si nyangumi wa aina ile tuliyoizoea. Ni wa ukoo wa pomboo, na ndiye mkubwa kuliko pomboo wote. Ukiwahi kwenda Kizimkazi kule Unguja na kuona pomboo wakirukaruka pembeni mwa boti, basi umewaona jamaa zake wadogo. Oka ana mgongo mweusi, tumbo jeupe na doa jeupe juu ya jicho. Dume mzima huweza kufikisha tani sita na zaidi, na pezi lake la mgongoni husimama juu kuliko mtu mzima, karibu meta 1.8. Wapo katika bahari zote za dunia, hata hii Bahari ya Hindi yetu, ingawa kwetu huonekana kwa nadra.

Nisikudanganye, oka si malaika. Ni mwindaji hodari. Kule Antaktika hupanga mstari na kuogelea kwa pamoja ili wimbi lao limwangushe sili kutoka juu ya barafu. Pwani ya Argentina hujitupa mpaka mchangani kukamata watoto wa simba-bahari, kisha hujisukuma kurudi majini. Afrika Kusini wapo waliojulikana kwa kuua papa weupe na kula maini yao. Lakini wale wa magharibi mwa Kanada na Marekani, jamaa za Tahlequah, hula samaki, na hasa samoni wakubwa wanaoitwa Chinook. Na katika maji ya bahari huru hakuna habari iliyothibitishwa ya oka aliyemuua binadamu.

Basi tuyaache meno yake, tutazame nyumba yake.

Miaka ya 1970 mtafiti wa Kanada, Michael Bigg, aligundua kwamba kila oka anaweza kutambuliwa kwa umbo la pezi lake na kwa doa la kijivu lililo nyuma ya pezi hilo, kama wewe unavyomtambua jirani yako kwa sura. Mwaka 1976 Mmarekani Ken Balcomb alianza kuwahesabu upande wa Marekani kwa njia hiyo hiyo. Tangu hapo wamepigwa picha mwaka hadi mwaka. Inajulikana nani mama wa nani, nani bibi wa nani, nani amezaliwa na nani amekufa. Wachache sana ni wanyama wa porini ambao koo zao zinafahamika kiasi hicho.

Kilichoonekana ni kwamba nyumba ya oka hawa ni nyumba ya mama. Mtoto wa kike hukaa na mama yake maisha yote, na wa kiume pia. Dume mwenye umri wa miaka 30, mwenye pezi refu kuliko wewe, bado huogelea ubavuni mwa mama yake. Hutafuta jike wakati koo zinapokutana, kisha hurudi kwa mama. Kila ukoo una milio yake ambayo watoto hujifunza kwa wakubwa, kama sisi tunavyotambuana kwa lafudhi kwamba huyu ni wa Tanga na yule ni wa Songea. Mama akikamata samoni, mara nyingi hula nusu na nusu humpa mwanawe, hata kama huyo mwana ni jitu zima.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike leo.

Wanyama wengi huzaa mpaka karibu na kufa kwao. Jike la oka si hivyo. Hukoma kuzaa akiwa na umri wa miaka kama 40, lakini huweza kuishi miaka mingi baada ya hapo, wengine mpaka 80 na zaidi. Viumbe wenye tabia hii ni wachache mno: binadamu, oka na aina chache za jamaa zake wa baharini. Watafiti wakajiuliza swali ambalo hata mitaani kwetu watu huliuliza kimoyomoyo, ingawa hawathubutu kulitamka. Huyu mzee asiyezaa tena, anayekula chakula ambacho kingeliwa na vijana, ana kazi gani?

Jibu lilitoka kwenye picha na video za miaka mingi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter cha Uingereza na wenzao walionyesha kwamba kundi linapokwenda kutafuta samaki, anayetangulia mbele mara nyingi ni jike mzee aliyekwisha kukoma kuzaa. Tena hutangulia zaidi katika miaka ambayo samoni ni haba. Samaki wakiwa tele, yeyote anaweza kuongoza. Njaa ikija, watu wa nyumbani wanapanga mstari nyuma ya bibi, kwa sababu bibi amewahi kuona njaa nyingine. Anakumbuka ni mlango gani wa mto samoni walipita wakati huo, na ni mwezi gani.

Na bibi akifa je? Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mjukuu wa oka aliyepoteza bibi yake yuko kwenye hatari ya kufa mara nne na nusu zaidi katika miaka miwili inayofuata, na pengo hilo huonekana zaidi samaki wanapokuwa wachache. Utafiti mwingine, wa mwaka 2012, ulionyesha kwamba dume aliyevuka miaka 30 akifiwa na mama yake, hatari ya kufa kwake katika mwaka unaofuata hupanda karibu mara 14. Hebu fikiri, msomaji wangu. Jitu la tani sita linakufa kwa sababu mama mzee ameondoka.

Niliposoma habari hizi nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama.

Kwetu ni kusini. Nilipokuwa mtoto ulikuja mwaka mmoja mvua zikakataa, na mahindi yakakauka yakiwa bado hayajabeba. Wajomba zangu walikuwa na nguvu lakini hawakujua pa kwenda. Bibi alichukua jembe akatutangulia porini, mgongo umepinda, akatuonyesha zinapoota ming'oko. Alitufundisha pia kuhusu ndiga, kiazi cha porini chenye sumu, kwamba lazima kikatwe vipande vyembamba na kulowekwa majini kwa siku kadhaa, la sivyo kitatuua. Hakuna shule iliyomfundisha. Aliyaona kwa mama yake katika njaa ya zamani. Mwaka ule tulipona kwa kumfuata nyuma.

Alikuwa akiniita "mume wangu", kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao. Nilipopata kazi na nyumba mjini, nilimleta aishi nami. Nilimpa chumba cha uani, kitanda kizuri, chandarua, redio. Nilidhani nimefanya jambo kubwa. Lakini asubuhi nilipita mlangoni pake nikiwa na haraka, na jioni nilirudi nimechoka. Siku za Jumapili nilikuwa kanisani tangu ibada ya kwanza mpaka vikao vya kamati. Wanangu walikuwa na televisheni. Siku moja alinishika mkono akaniambia, "Mume wangu, nirudishe kijijini. Huku nakula vizuri, lakini sina wa kumwambia neno." Nilimrudisha. Hakumaliza mwaka.

Sikumnyima chakula bibi yangu. Nilimnyima nafasi ya kutangulia mbele, na hata nafasi ya kuulizwa njia. Leo kuna mambo natamani kumuuliza kuhusu ukoo wetu, na hakuna mwingine anayeyajua.

Turudi kwa oka kidogo, maana habari yao haijaisha. Agosti 1970, kwenye ghuba ya Penn Cove katika jimbo la Washington, Marekani, watu wenye boti, ndege na baruti waliwaswaga oka zaidi ya 80 mpaka kwenye nyavu. Walitaka watoto, kwa sababu watoto ni rahisi kusafirisha na hununuliwa na mabwawa ya maonyesho. Wakubwa wengi walikuwa nje ya nyavu na walikuwa huru kuondoka. Hawakuondoka. Walibaki pale wakilia kuwaitikia watoto waliokuwa ndani. Watoto saba walichukuliwa. Oka watano walikufa katika zoezi hilo, wanne kati yao wakiwa wachanga. Miili ya wachanga hao ilipasuliwa matumbo, ikajazwa mawe na kufungiwa vyuma ili izame, watu wasijue. Baadaye bahari iliitapika ufukweni, na aibu ile ikaonekana na wote.

Mmoja wa watoto wale, aliyekuwa na miaka kama minne, alipelekwa Miami na kuitwa Lolita. Aliishi katika bwawa dogo kwa zaidi ya miaka 50. Wasikilizaji wanasema mpaka uzee wake aliendelea kutoa milio ya ukoo wake. Alikufa Agosti 18, 2023, wakati mipango ya kumrudisha bahari ya kwao ikiwa imekwisha kutangazwa. Ukoo ule alioporwa haujapona mpaka leo. Samoni wamepungua kwa mabwawa na uvuvi, meli zinawapigia kelele, na sumu za viwandani hupita katika maziwa ya mama kwenda kwa mtoto. Mwaka 2005 Marekani iliwaweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Leo hawafiki 80.

Sasa nakuuliza, ndugu yangu. Kati ya aliyebaki nje ya nyavu akilia na aliyejaza mawe matumboni, nani hasa alistahili kuitwa muuaji?

Usiharakishe kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi nasi tuna la kujibu, tena zito zaidi, maana letu ni la damu ya watu. Katika baadhi ya maeneo ya nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wamekuwa wakikatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Ushahidi wenyewe ni nini? Macho mekundu. Macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe, miaka 50 ya kuchochea moto ili watoto na wajukuu wale. Mara nyingine nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu analitaka. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikitoa taarifa za mauaji haya mwaka baada ya mwaka. Na wanaouawa ni bibi za watu, watu waliobatizwa, wanaojua Baba Yetu kwa moyo.

Muuaji wa baharini, njaa ikija, humfuata bibi yake. Binadamu, mtoto akiugua au ng'ombe akifa, humtafuta bibi amtuhumu.

Labda utasema, "Mimi sijamshika mzee yeyote panga." Namshukuru Mungu. Lakini kumbuka bibi yangu hakuuawa na panga pia. Bwana Yesu aliwakemea watu waliotumia sadaka ya hekaluni kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao. Habari hiyo iko katika Marko 7. Nikiisoma najiona mimi na vikao vyangu vya kamati. Paulo naye, katika 1 Timotheo 5, anataka watoto na wajukuu waanze utauwa wao nyumbani kwa kuwalipa wazazi wao, na anamweka asiyewatunza walio wake mahali pabaya kuliko asiyeamini. Hayo ni maneno mazito kwa sisi tunaokaa viti vya mbele.

Tena Maandiko hayamwoni mzee kama mzigo wa kutunzwa tu. Humwona kama mwenye njia. Ruthu alikuwa na nguvu za kuokota masuke, lakini aliyejua shamba la Boazi lina maana gani, na jambo lile limalizwe vipi, alikuwa Naomi. Timotheo alikuwa askofu kijana, lakini Paulo alipotafuta chimbuko la imani yake alimtaja kwanza bibi yake, Loisi (2 Timotheo 1:5). Mtoto Yesu alipoletwa hekaluni, kati ya wachache waliomtambua alikuwemo Ana, mjane wa miaka 84. Na mfalme Rehoboamu alipoyakataa mashauri ya wazee akafuata ya vijana wenzake, taifa lilipasuka vipande viwili (1 Wafalme 12). Njaa ilikuja, naye alikuwa amemweka bibi nyuma.

Ayubu aliwaambia rafiki zake kwamba hata wanyama na samaki wana la kutufundisha, tukikubali kuwauliza (Ayubu 12:7-8). Oka hamtunzi bibi yake kwa sababu ana Amri Kumi. Ameumbwa hivyo. Sisi tumeumbwa na tumeamriwa pia. Kwa hiyo siku ile hatutakuwa na udhuru ambao oka hata hauhitaji.

Basi nikuombe mambo madogo Jumapili hii, ambayo mimi nilichelewa kuyafanya.

Ukitoka ibadani, usimpite yule bibi anayekaa kwenye benchi la nyuma akisubiri mtu wa kumshika mkono. Kaa naye dakika kumi. Usimuulize anaumwa wapi tu. Muulize kanisa hili lilianzaje, muulize njaa gani aliiona na walipona vipi. Kama bibi au mama yako yuko kijijini, mpigie simu leo, na ukimaliza kumtumia pesa usikate simu haraka. Kama yuko kwako uani, mhamishie kiti chake sebuleni. Waambie wanao wazime televisheni kidogo wamsikilize. Na ewe mchungaji, padri, mzee wa kanisa, ikiwa katika mtaa wenu kuna kikongwe anayeanza kunong'onwa, usingoje msiba ndipo uhubiri. Nenda kamtembelee mchana, watu wote wakuone, ukae kwake, unywe maji yake. Jirani akiona mchungaji ameketi kwenye kigoda cha bibi yule, ulimi wake utakuwa mzito kumwita mchawi.

Mwandishi wa Zaburi 71 alimsihi Mungu asimtupe wakati wa uzee, nguvu zitakapomwisha. Mungu hakumtupa, wala hatakutupa wewe. Lakini mara nyingi Mungu humjibu mzee kwa kutumia miguu ya mjukuu anayekuja kugonga mlango wa chumba cha uani.

Nenda ukagonge.

Jumapili njema, na Mungu akubariki wewe na wazee wako.